Sarafu za Chini ya Kopo

Nimeuza nyanya sokoni Likoni miaka thelathini, na mtu asinifundishe kupanga biashara. Nzuri huwekwa juu. Zilizolegea hukaa chini kumsubiri mteja mwenye haraka.

Kwa hiyo mume wangu Mansur aliponikubalia niuze sarafu zake za kale, zilizojaa kopo zima la rangi, nilijua la kufanya. Mansur ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka mzima hajasoma aya hata moja, hukaa tu na msahafu mapajani, na mimi roho huniuma. Upasuaji ulikuwa Jumatatu na tulitakiwa elfu thelathini. Tulikuwa na kopo lile tu.

Jumamosi nilikaa uani na ukwaju na jivu, nikazisugua vile tusuguavyo sinia za shaba kabla ya harusi. Zilipotimu vikombe viwili, vidole vikanishinda. Zilizong'aa nikazimwaga juu, zile nyeusi zikabaki chini.

Jumapili nikavuka hadi Chaani kwa Mutua, kijana wa Kikamba anayenunua sarafu kuukuu. Mnunuzi wa vyuma kwetu Shika Adabu alikuwa amenipa bei ya mia nne kwa kilo, na kopo lilikuwa na kilo sita. Nikapiga moyo konde nidai zaidi ya maradufu; zilizobaki ningezikopa.

"Elfu tano, mwanangu, na usinipunguzie hata ndururu."

Mutua aliteka kikombe kimoja juu, akakimwaga mezani. Kisha akakitumbukiza kati, kisha chini kabisa, yakawa mafungu matatu.

"Unafukua nini? Kwani hilo ni kaburi?"

"Watu huweka nzuri juu, mama. Ndiyo maana mimi huteka mara tatu."

Nikaona haya, na mimi nikiona haya huwa mkali. Nikafungua kinywa nimtolee maneno, lakini yeye akatangulia.

"Hizi za juu nani amezisugua?"

"Mimi. Usafi una kosa gani?"

"Wanaokusanya sarafu wanataka rangi yake ya uzee. Ukiisugua, imebaki chuma tu. Kikombe hiki mia tatu." Akavuta fungu la pili. "Hiki elfu tatu." La tatu alilipindua moja moja, senti za tundu na shilingi za mfalme mwenye ndevu. "Na hiki elfu tano."

Akapima kopo lote kwa kikombe kilekile, vikawa kumi.

"Viwili vya juu, mia sita. Vinne vya kati, elfu kumi na mbili. Vinne vya chini, elfu ishirini. Jumla elfu thelathini na mbili na mia sita. Faida yangu nimeshaitoa."

Angenipa zile elfu tano nilizodai, ningerudi nyumbani nikimsifu. Na lau vidole visingeuma, ningezisugua zote. Alhamdulillahi kwa vidole vibovu.

"Mbona umeniambia, mwanangu?"

"Si ulikuja kutafuta bei, mama? Hiyo ndiyo bei."

Akahesabu noti, nikazipokea kwa mikono miwili huku machozi yakinitoka. Asante nilimpa, tena na tena, na kila mara niliiona ndogo. Basi mimi, mwenye wajukuu sita, nikainamisha kichwa mbele ya kijana yule.

"Shikamoo," nikamwambia.

Mutua akageuka nyuma kutazama ni mzee gani ameingia.