Mbao Zilizogonga Birkenhead

Mbao zilianza kugonga mchana kweupe, saa ya chakula, karakana nzima ya meli pale Birkenhead, Uingereza, ikiwa kimya na mafundi wakiwa nje na mikate yao. Ellis Prydderch alikuwa peke yake ndani ya tumbo la meli mpya. Ko. Ko-ko. Aliweka nyundo chini akasikiliza.

Mwenye kucheka na acheke. Wawelishi, watu wa Wales kama Ellis, wana lao: seremala akikaribia kuletewa kazi ya jeneza, mbao zake hugonga zenyewe, hata kabla mtu hajaugua. Baba yake Ellis, mtengeneza majeneza wa Nefyn huko Wales, alizisikia zikigonga maisha yake yote na hakukosea hata mara moja.

Ellis hakuwaza mbali. Mdogo wake, Ifan, alikuwa ameshaandikishwa kuwa seremala wa meli hiyohiyo. Basi ni Ifan, alijiambia.

Meli yenyewe ilikuwa uongo mtupu. Ilisemwa ni ya mfanyabiashara wa Palermo, lakini aliyekuja kuikagua kila siku ni Kapteni Ruffner, wakala wa Wamarekani wa Kusini, wale waliokuwa wakipigana na ndugu zao wa Kaskazini wasije wakanyang'anywa watumwa. Sheria ya Uingereza ilikataza kuwaundia meli ya vita. Na vikalio vya mizinga vilivyofichwa chini ya mbao za sitaha, Ellis ndiye aliyeviweka. Kule Liverpool, ng'ambo ya mto, wakili wa Wakaskazini alikuwa akitafuta fundi mmoja tu wa kuapa kwamba ameviona. Kiapo kimoja, na meli isingetoka.

Ellis alivaa kofia yake ya Jumapili akaenda. Ila hakwenda kwa wakili. Alikwenda kwa kapteni.

"Mwachie mdogo wangu, bwana, na mimi nitafunga mdomo."

"Na nisipomwachia?"

"Wakili anaijua nyumba yangu."

Kapteni alimtazama, kisha akacheka. "Kumbe nanyi Wawelishi biashara mnaijua! Haya, mchukue mdogo wako."

Meli ikatoka na mabibi waliovaa hariri wakicheza dansi juu ya sitaha, eti safari ya majaribio. Jioni mashua ikawarudisha mabibi. Meli haikurudi, na Ifan alisimama gatini akilia kwa hasira.

"Umenifanya kichekesho, kaka! Wenzangu wote wameondoka, mimi nimebaki na mbao zako zinazoongea!"

"Nichukie tu, mradi uko hai."

Miezi ikapita. Siku moja Ifan alikuja mbio na habari za bandarini. Meli yao imeizamisha meli ya Kaskazini kwenye ukungu, huko karibu na Cuba. Ile ya Kaskazini ilizama hata kabla mashua zake hazijashushwa, na wachochea makaa wake walibaki humohumo.

"Na wa kwetu je? Hata ukucha haujakatika!" Ifan alicheka. "Sasa niambie, kaka, jeneza lako lile lilikuwa la nani?"

Ellis alimkumbuka baba yake. Mbao zilimgongea baba, lakini hakufa baba. Walikufa watu wa nyumba nyingine. Seremala haambiwi kifo cha nyumba yake, anaambiwa kazi yake. Jambo hilo alilijua tangu utotoni, na woga ulimsahaulisha.

"Lilikuwa la wale," alisema. "Nimelitengeneza mimi. Nilikuokoa wewe, Ifan, ambaye mbao hazikukutaja. Wao nikawauza."

"Acha hayo bwana! Kapteni anaunda meli ya pili, na anakutaka wewe kwenye sitaha."

Siku hiyohiyo Ellis alivuka mto, akaapa mbele ya wakili. Meli ya pili ikazuiwa. Alifukuzwa kazi, na Ifan naye akafukuzwa, na majirani wakaacha kumsalimia. Hayo aliyameza. Kilichomtesa ni kwamba alidhani kiapo kingezinyamazisha mbao, kumbe ziliendelea kugonga hata nyumbani kwake. Meli ya kwanza ilikuwa bado baharini, na kila zilipogonga, Ellis aliinuka alipo, akauliza kwa sauti, "Wangapi safari hii?"