Viti Vilipojaa

Maabarani, mkaa wetu wa vifuu vya chikichi ulinasa rangi kutoka kwenye maji machafu mpaka ukajaa, na mstari wa grafu ya rangi iliyonaswa ukalala. Tulipozidisha rangi, mstari ukapanda tena.

"Serwaa, hukuosha chupa!" nikamfokea mwenzangu wa maabara.

"Nimeosha. Labda uoshe macho yako."

Jumamosi tukaenda msibani Kumasi, mimi nimenuna. Viti vilikuwa vimejaa pomoni. Shangazi Boatemaa, na unene wake wote, akanikalia mapajani bila hata kuuliza.

Nikaangua kicheko. "Serwaa! Viti vikijaa watu wanapakatana! Kwenye mkaa, rangi imekalia rangi!"

"Tumekuja kumlilia marehemu," shangazi akasema, "au tuanze na wewe?"

Serwaa, naye kakaliwa na bibi mzima mapajani, akapaza sauti: "Na chupa zangu?"

"Safi, dada! Safi kabisa!"