Mita Moja Isiyotimia

"Nuru, dawa imeshatoka?" mwanamke mmoja akauliza kutoka kwenye foleni.

"Bado, mama. Ngojeni kidogo."

Kidogo gani tena! Tangu asubuhi wamama walikuwa wamepanga bidoni zao za maji mbele ya robine, bomba la mtaa, na kipindupindu kilikuwa kimeshaingia mitaa ya chini ya Kasongo. Mama Marguerite, mkubwa wa kamati ya maji, alikuwa na mjukuu kwenye hema la wagonjwa.

"Watu wako na kiu," alisema. "Tukikawia, watarudia maji ya mutoni. Na bila ile dawa ya javeli mimi sifungui."

Nuru, fundi wa simu, ndiye aliyeandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya C, ya kuamuru pampu imwage javeli kila mita moja ya ujazo inapoingia tangini. Mita ya zamani ya kupimia maji ilihesabu nusu kwa nusu, na kazi ilienda vizuri. Jana walifunga mpya, inayohesabu sehemu ya kumi. Leo kioo cha mashine kiliandika 1.0, pampu kimya. Nuru aliogopa, tena sana.

Akaiamuru mashine imwonyeshe tarakimu zote. Loo! 0.9999999999999999. Kumbe sehemu ya kumi haikai sawasawa ndani ya mashine. Ukiijumlisha mara kumi, pengine inapungua chembe. Na ile amri ya fmod aliyoiagiza itafute baki haina huruma: moja haijatimia, basi inarudisha karibu moja nzima. Naye Nuru alikuwa ameiamuru pampu ingojee sifuri!

"Kichwa ngumu wewe," akaifokea.

Akaifuta fmod, akaweka amri nyingine, remainder, inayopima umbali hadi namba kamili iliyo karibu zaidi, mbele au nyuma. Hakudai tena sifuri kamili. Baki ikiwa ndogo mno, pampu imwage.

Wakamwaga maji yale yasiyo na dawa, wakaanza upya. Kioo kikafika 1.0. Pampu ikakohoa, ikatema javeli. Nuru akakaa chini palepale, akicheka huku machozi yanamtoka.

Walingoja nusu saa dawa ifanye kazi, ndipo Mama Marguerite akafungua robine.

"Aa, maji gani haya? Inanuka!" mwanamke wa mbele akalalamika.

"Inanuka dawa, yaya, dada yangu!" Nuru akaitikia kwa furaha. "Inanuka sana!"

Mama Marguerite akainama kwenye robine. Alijaza bidoni ndogo ya njano, akaifunga vizuri, akashika njia ya kwenda kwenye hema, kwa mjukuu wake.