Gari Lililomkana Mwenyewe

Sévère alibofya telekomande, ule ufunguo wa gari wa vitufe, mara kumi na moja, akihesabu. Gari halikulia, halikuwasha taa, halikufungua hata mlango mmoja. Lilikuwa nyuma ya nyumba yake pale Kilibula, mtaa wa Uvira, ambako wiki nzima lilifichwa chini ya turubai na kuni ili wanajeshi wasilione, na sasa lilimnyamazia kama mkwe aliyenuna. Mlangoni aliketi mama yake mzazi, tayari amevalishwa kitenge cha safari. Miguu ya mama ilikataa kazi tangu mwaka uliopita. Mizinga ilisikika upande wa bonde la Ruzizi, na watu walisema mpaka wa Burundi utafungwa kabla ya jioni. Bila gari, mama asingefika.

Akachomoa kile kipande cha chuma kilichojificha ndani ya telekomande, akafungua mlango kwa mkono, akaingia, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Mbele yake ikatokea picha ya ufunguo uliopigwa mstari. Gari halimjui! Gari lake mwenyewe, aliloliosha kila Jumamosi.

Basi Sévère hakumtafuta mchawi mbali. Siku sita nyuma alikuwa ameipeleka telekomande ile kwa Gratien, fundi wa simu na redio wa mtaa wa pili, abadilishiwe betri, ile ndogo ya duara. Gratien akiwa anakaza visi, zile skrubu ndogo, aliuliza: mnahama lini? Siku ile lilikuwa swali la jirani. Leo Sévère aliligeuza huku na huku, akaona lina meno. Fundi ana shida gani na siku ya safari ya mtu? Tena fundi mwenyewe mtu wa bondeni, nyumbani kwake wanaongea Kirundi, na miezi ile pale Uvira mtu wa Kirundi alitazamwa mara mbili, kama mpelelezi wa adui, na wengine walichukuliwa wasirudi. Dalili ya mvua ni mawingu. Ameiua hii, ametengeneza nyingine, anangoja wenye gari waondoke kwa miguu aje kulichukua taratibu.

Kama angemuuliza mkewe, mambo yangeishia hapo. Florentine alikuwa hatua tano tu, anafunga godoro kwa kamba. Lakini mtu mwenye jibu tayari anamuuliza nani? Akatoka.

Njiani palikuwa na bariyeri, kizuizi cha walinzi wa mtaa, wanaume wenye bunduki na macho ya kukosa usingizi. Mkubwa wao alimuuliza aendako. Akiba ya maneno haiozi, walisema wakubwa, ila Sévère siku hiyo hakuweka hata punje. Alisema anakwenda kwa Gratien, na kwa hasira akaongeza maneno machache juu ya fundi huyo. Mkubwa akauliza nyumba yake ni ipi. Sévère akainyooshea kidole.

Gratien alimpa kiti. Sévère akakataa kukaa, akatupa telekomande mezani, akasema imekufa, na kwamba aliyeiua anajijua. Fundi akaichukua. Akaipima betri kwa kipimo chake: nzima. Akaweka nyingine mpya: kimya. Muda wote huo Sévère hakuondoa macho kwenye vidole vyake, asije akabadilisha kitu. Ndipo Gratien akapenyeza bisibisi ubavuni, akalipasua ganda lote.

Harufu ikatoka. Ilikuwa ile chachu ya mihogo iliyolowekwa siku tatu, ambayo mtoto wa Uvira huijua kabla hajajua kusoma. Ndani, pale betri inapogusana na chuma, palikuwa pameota ukungu wa kijani.

“Papa Ushindi,” akasema Gratien, akimwita Sévère kwa jina la mwanawe, “hii iliingia mu pipa ya mihogo. Ni ya tatu juma hili. Bamama banaficha funguo mule, maana askari hawezi kuingiza mukono mu ile harufu. Banafunga na sashe ya plastiki, lakini maji inaingia tu.”

Jumanne. Siku hiyo Sévère alikuwa Kalundu bandarini, na wanajeshi walipita Kilibula wakikusanya magari. Basi Florentine aliitumbukiza telekomande mihogoni, akaiopoa, akaifuta, akairudisha msumarini, asiseme neno kwa kuogopa presha ya mumewe. Aibu ilimpanda Sévère mpaka masikioni.

Gratien akasugua kwa mswaki na spiriti, akapuliza, akaanika juani, akafunga. Akabofya, na taa ndogo nyekundu ikawaka.

“Minye nilikuuliza siku ya kuhama,” akasema bila kuinua uso, “maana nilitaka kukuomba nafasi. Iko nafasi ya mutoto wangu Keza na mama yake? Minye nitatembea.”

Sévère akageukia kishindo mlangoni. Mlango ulijaa watu, wale wa bariyeri, watatu, na mkubwa wao mbele.

“Papa, ni uyu ulisema?”

Kunyamaza kungekuwa rahisi. Telekomande iko mezani, nzima, na mama anangoja. Sévère aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mizinga.

“Hapana,” akasema. “Nilimusingizia. Hakufanya kitu.”

Mkubwa akaeleza kwa upole kwamba anayewachezea walinzi wakati wa vita naye ana kesi, na kesi ikishafunguliwa lazima imwangukie mtu. Huku anasema, macho yake yalikuwa mezani. Sévère akaelewa. Akamkabidhi telekomande, akawaelekeza gari lilipo. Wakaondoka wakiibofyabofya, na baada ya muda, kutoka upande wa nyumba ya Sévère, gari likaitika mlio mmoja safi.

Wakabaki wawili. Sévère alimfikiria mama yake pale mlangoni na hakujua atamwambia nini.

“Ulibaambia nini?” akauliza Gratien.

“Nilibaambia luga yenye unaongea na muke wako.”

“Ni ile tu?”

“Ni ile tu.”

Gratien aliuchukua mswaki, akaanza kuufuta ule ukijani kwa kitambaa.

“Ingetosha,” akasema.