Fungu la Joen

Kifuniko cha sanduku la mashuka kililia gizani, kwii, kikanyamaza ghafla kama mtu aliyejiziba mdomo. Gunnela alikuwa macho. Alijua ni mama mkwe wake, Botel, na alijua anatafuta nini humo ndani. Ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa, lakini jua la majira ya baridi hapa kisiwani Gotland halina haraka na mtu.

Hakuinuka. Alimvuta Sissa kifuani, binti yake wa miaka mitano, akanusa nywele zake zenye moshi na maziwa. Upande wa pili wa Sissa palikuwa mahali pa Joen, mdogo wake, aliyekula naye bakuli moja. Kwenye majani ya godoro bado palikuwa na kishimo chake, kishimo cha mtoto wa miaka miwili anayelala amejikunja. Homa ilimchukua Jumapili. Tangu hapo hakuna aliyelala pale, wala hakuna aliyethubutu kupasawazisha.

"Amka, mkwe wangu," Botel alisema mlangoni. "Mattis kaja na misumari."

Joen alikuwa amelazwa chumba cha nje kisichowashwa moto, ndani ya jeneza alilolichonga Hemming, baba yake mwenyewe. Lilikuwa fupi kuliko beseni la mbao la kukandia mkate. Walikwishamwekea kijiko chake na tofaa lililosinyaa kutoka kwenye akiba ya dari, maana maiti hanyimwi kilicho chake. Kilichobaki ni kimoja. Botel akamtia Gunnela kiganjani sarafu ya fedha, nyembamba kama jani, mfalme wake kashafutika pua na macho.

"Mwekee mkononi, useme maneno. Wewe ndiye uliyemzaa."

Maneno yenyewe kila mtu aliyajua. *Hili ndilo fungu lako la nyumba na shamba. Umelipwa. Usirudi kudai.*

Gunnela akakunja ngumi. "Sisemi, mama."

"Husemi nini?"

"Sisemi. Si mnasema asiyelipwa hurudi? Basi arudi."

Mattis, jirani yao fundi, alikuwa ameshika misumari kwa midomo. Akaitema kiganjani. "Gunnela, dada yangu, nimefunga majeneza ya kijiji kizima, sijaona mtu anayemtaka wake arudi. Mama mkwe wangu alipokufa, mimi nilimwongezea misumari."

"Na mimi utaniongezea mingapi?" Botel akamuuliza bila kugeuka.

"Wewe? Wewe nitaagiza mnyororo."

Hemming alicheka, kicheko kimoja kifupi. Akajifuta uso kwa kofia. "Kasisi anatungoja," alisema. "Akiiona hiyo sarafu atatutaja mimbarani, kwamba bado tuna mambo ya kipagani. Kama ni kuweka, wekeni hapa hapa. Kama si kuweka, Mattis, funga."

"Hufungi kitu," Botel akasema. Akasogea karibu na mkwewe, akashusha sauti. "Wewe unadhani atarudi Joen? Yule wa kucheka na kuvuta mkia wa paka? Harudi huyo, mwanangu. Kinachorudi ni njaa tu, imevaa uso wake. Tena haiji kwako. Inamwendea yule aliyelala naye kitanda kimoja, inamkalia kifuani usiku mpaka apumue kwa shida."

Hakumtazama Sissa, aliyekuwa amewafuata mpaka humo, aliposema hivyo. Hakukuwa na haja.

Gunnela alikuwa ameyapanga yote kichwani. Mlango asiufunge kwa komeo. Bakuli la maziwa alitegeshe karibu na meko. Hata asimwone, hata asikie miguu tu ikitambaa sakafuni, ingemtosha. Mama wa kweli hachagui mtoto wake arudi vipi. Lakini kifua cha Sissa hakuwa amekifikiria. Sasa mtoto alikuwa amesimama nyuma yake peku, ameshika sketi yake, na Gunnela alisikia pumzi zake zikiingia na kutoka.

Akafungua ngumi. Akaishika mikono ya Joen. Vidole havikukubali kukunjika, ikabidi avikunje kimoja kimoja na kuvishikilia, vile vile alivyokuwa akimfundisha kushika kijiko. Sarafu ikateleza. Akairudisha. Safari hii ikakaa.

"Hili," alisema.

Wakangoja.

"Hili ndilo..."

Nje farasi wa kuvuta sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, alitikisa kichwa, kengele zikalia. Gunnela alifungua mdomo tena na hakuna kilichotoka ila mvuke mweupe. Fedha isiyosemewa ni chuma tu, kila mtu chumbani alijua hilo. Botel alijua pia kwamba hawezi kumsemea: neno lile ni la mama, au la yule aliyekula na marehemu bakuli moja.

"Siwezi," Gunnela akasema. "Jamani, nimfukuzeje mwanangu? Hata mlango hajajua kuufungua mwenyewe."

Hemming akaja akamshika mabega. Mattis akaangalia nyundo yake kama kwamba ina kosa. Hakuna aliyemwona Sissa akiiachia sketi. Walimwona tu ameshapanda juu ya kisanduku cha zana cha Mattis, kakunja vidole vya miguu kwa ubaridi wa mbao. Akainama mpaka nywele zake zikagusa kifua cha ndugu yake. Akasema kwa sauti ile ile waliyokuwa wakiongelea wawili hao chini ya blanketi, ila akaipaza, labda kwa kuwa mwenzake alikuwa ameshafika mbali:

"Joen, usirudi, huku kuna baridi."