Jumapili Baba Aliposukuma Baiskeli

Kwanza niliona tundu. Kila baiskeli mtaani kwetu Jordaan ilikuwa na kibati cha kodi, lakini cha baba kilikuwa kimetobolewa katikati. Alipewa bure, kwa sababu karakana ya meli alikofanya kazi ilifungwa na sasa tulikula posho ya serikali. Kwa tundu lile polisi alijua kwamba huyu hana kazi, na kwamba Jumapili haruhusiwi kupanda. Akikamatwa, posho inakatwa.

Krelis, jirani yetu, naye alikuwa na kibati kama hicho.

"Wiebe, tundu lako kubwa kuliko langu. Una shemeji serikalini nini?"

"La kukuchungulia wewe, mvivu," baba alimjibu.

Jumapili moja ya baridi mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Bi Neeltje wa ghorofa ya chini alipanda, akampapasa mama tumbo.

"Mtoto anatanguliza miguu. Wiebe, kamlete mkunga. Chukua baiskeli, upesi."

Baba alishuka ngazi mbiombio. Mkunga alikaa mbali, ng'ambo ya mto. Mimi nilibaki nimemshika mama mkono.

Tulingoja sana.

"Huyu bwana kapitia kilabuni?" Bi Neeltje aliuliza. Mama alicheka, kisha akashindwa kucheka.

Alizaliwa mvulana mwenye nywele nyingi. Hakulia. Bi Neeltje alimpulizia mdomoni, akamsugua mgongo, mwisho akavua aproni yake akamfunika mpaka usoni.

Ndipo baba akaingia na mkunga, amelowa jasho pamoja na baridi yote ile.

"Umekwama wapi, Wiebe?" Bi Neeltje aliuliza.

"Njia ni ndefu kwa miguu."

"Kwa miguu? Na baiskeli?"

"Niliisukuma. Kila nikitaka kupanda, namwona polisi pale darajani."

"Akakusimamisha?"

"Hapana," baba alisema. "Alinisalimia."

Bi Neeltje alikaa chini sakafuni. Mama aligeukia ukutani. Baba alikuwa bado hajaiona aproni. Nilisimama na birika mkononi, na hata miaka ya baadaye, tukiwa wawili tu mezani, sikuwahi kumwambia hivi:

Baba, ungepanda tu. Tungelala njaa, na mtoto angelala njaa pamoja nasi.