Tan na Chen

Awino alikuwa karani wa makaratasi ya wafanyakazi katika kampuni moja ya ujenzi mtaa wa Al-Murabba, Riyadh. Asubuhi moja Siew Hoon, mhandisi Mchina kutoka Malaysia, alimjia na sanduku lake. Mama yake alikuwa mahututi, naye Siew Hoon alikuwa amezuiwa kusafiri uwanja wa ndege kwa sababu pasipoti yake ilisema Tan Siew Hoon, ikama, kibali chake cha kuishi nchini, ikasema Chen Xiuyun.

"Huyu Chen ni nani?" Awino aliuliza.

"Ni mimi." Siew Hoon akaandika herufi tatu za Kichina. "Hii ya kwanza ni ukoo wetu. Sisi Wahokkien, Wachina wa kusini, tunaisoma Tan, Beijing wanaisoma Chen. Hizi mbili maana yake wingu zuri. Mama ndiye aliyenichagulia."

 Orodha ya majina ya ikama iliandikwa na mkalimani kutoka Beijing kwa matamshi ya kwao, naye Awino akaiingiza kwenye kompyuta bila kufungua pasipoti hata moja.

"Kosa ni langu, dada."

Kila dirisha la uhamiaji walilokwenda waliambiwa mafi, hakuna, mpaka walete barua ya kafili, mdhamini wa ikama yake. Kafili alikuwa Jeddah na simu hapokei. Awino akamfuata huko, akamngoja siku tatu mlangoni, akarudi na barua yenye muhuri.

Alimkuta Siew Hoon ameketi kitandani. Mama yake alikuwa amezikwa jana yake, yeye akitazama mazishi kwenye simu.

"Ikama mpya inatoka Jumapili," Awino alisema. "Sasa unaweza kwenda."

"Niende kwa nani?"

 Awino akaketi sakafuni, akalia naye.